Kiangazi Alichokataa Kukauka

Mwosha maiti hufundishwa kuficha. Akiona kovu au doa au aibu yoyote juu ya mwili wa mwenzake, huifunika kwa shuka na kwa ulimi, asiitaje hata kwa watu wa nyumbani mwake. Lakini akiona jema, ameruhusiwa kulisema. Kwa ruhusa hiyo nasema: kiangazi hiki, tulipomlaza Maman Riziki juu ya ubao katika chumba cha uani hapa Kamembe, ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtu aliyetoka kuoga asubuhi hiyo. Nje, upepo ulikuwa umekausha migomba mpaka majani yanachanika yenyewe, na vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu. Mikono yangu, iliyozoea maji na kafuri, ilikuwa imepasuka kwenye viungo vya vidole. Yeye, mwanamke aliyevuka sitini, aliyeugua kitandani wiki nyingi, hakuwa na ufa hata kisiginoni. Wasichana wawili ninaowafundisha kazi hii walitazamana. Mmoja akanong'ona, "Bibi, huyu Maman alikuwa anapaka nini?" Nikamwagia maji upande wa kulia kwanza, kama inavyotakiwa, nikamaliza, ndipo nikamjibu, "Ubishi." Nadhani walifikiri ni jina la krimu ya Bukavu.

Mungu amenipa miaka mingi na ninamshukuru kwa kila mmoja, hata ile niliyotamani ipite haraka. Ukiniuliza ni upi ulionifanya niwe huyu niliye, nitakutajia ule nilioishi katika nyumba ya Maman Riziki, kati ya vita viwili vya ng'ambo ya ziwa, Kongo, wakati watu walisema vita vimekwisha na wakasema hivyo kwa sauti ya chini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, sijaolewa, nimetoka Bukavu na mfuko mmoja wa nguo. Nilifundisha watoto wa mtaa kusoma Kurani kwenye varanda yake, naye akanipa chakula na godoro. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Cha mbele alilala yeye na binti yake Riziki, aliyekuwa bado hajaota meno ya pili. Cha kati tulikula. Cha nyuma, nilicholala mimi, kilikuwa stoo ya mafuta ya mumewe, na kwa mwaka mzima nililala na kuamka katika harufu ya mise.

Kwa wasioijua: mise ni mafuta meusi yanayotoka kwenye kokwa ya mchikichi, si kwenye nyama yake kama mawese. Kokwa huvunjwa, hukaangwa mpaka ziungue kidogo, husagwa na kuchemshwa. Mafuta yake yananuka moshi na kahawa iliyozidi moto. Mtu aliyejipaka mise hujulikana kabla hajabisha hodi. Papa Riziki aliyanunua Uvira, akayapitisha kwenye tambarare ya Rusizi ndani ya mabido, madumu ya plastiki ya njano, akawauzia wanawake wa Kamembe kwa ajili ya ngozi na nywele za watoto wao. Nilimwona kwa muda mfupi tu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyependa kula ugali wa muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani, akiwa amechuchumaa, kwa sababu alisema kiti kinamfanya ajione yuko ofisini. Katikati ya masika aliondoka kwenda Uvira kuchukua mafuta. Aliacha bido moja limejaa. "Hii ya nyumba," alisema. "Isiuzwe. Kiangazi kitakuwa kibaya." Hakurudi na mvua, na mvua zikaisha.

Kiangazi kilikuwa kibaya kweli. Watu wa pwani wakisikia neno hilo hufikiria joto tu. Huku kwetu, juu ya ziwa, kiangazi ni baridi ya alfajiri inayouma masikio, jua kali mchana, na upepo unaonyonya unyevu katika kila kilicho hai. Ngozi hugeuka rangi ya majivu. Ukijikuna, unaandika. Midomo hupasuka ukicheka, na mwaka ule wengi walikuwa na sababu nyingine za kutocheka. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku tuliumia zaidi, maana kila udhu upepo ulikausha maji pamoja na kile kidogo kilichokuwa ndani ya ngozi. Maman Riziki alipoona miguu yangu, alinivuta mkono mpaka uani kama mtoto. "Wee Mwavita, unafundisha batoto na miguu kama ya kuku?" Akanifundisha. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, si ya moto. Sabuni ya kufulia ni ya nguo. Kisigino husuguliwa kwa jiwe taratibu, hakikwanguliwi kama sufuria. Na kubwa kuliko yote, mafuta hupakwa ngozi ikiwa imelowa, kabla ya kuigusa kwa taulo.

"Yote inateleza," nilimlalamikia mara ya kwanza. "Heri nijifute kwanza."

"Ujifute, upake juu ya nini?" alisema. "Mafuta haileti maji, maman. Mafuta inafunga mlango, maji isitoke. Sasa kama ndani hakuna maji, unafunga mlango ya nyumba ya bure?"

Hivyo kila asubuhi, baada ya Fajri na kuoga, alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa barabarani, miguu ikiwa bado inachuruzika, akapaka mise kuanzia vidole vya miguu mpaka magoti, kisha mikono, kisha shingo. Alifunga kitenge vizuri, hakuna alichoonyesha kisichofaa. Lakini alikaa mlangoni, si uani. Nilidhani anafuata jua. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anatoa tangazo.

Maana mtaani watu walikwisha kumzika Papa Riziki kwa maneno. Katika miaka ile, mtu akichelewa barabara ya Uvira, watu hawakuuliza amefika wapi, waliuliza amefia wapi. Na kwetu Waislamu wa Kamembe palikuwa na mazoea ambayo sheria haikuyaandika hivyo, ila bibi zetu waliyaandika kwa ukali wao. Sheria inamkataza mjane aliye katika eda kujipamba: asitie wanja, hina wala manukato, kwa miezi minne na siku kumi. Bibi zetu wakaongeza mafuta. Mafuta yoyote. Mjane wa Kamembe alitakiwa akauke. Aliyetoka eda na visigino vizima alisemwa. Kwa hiyo macho yote ya mtaa yalisoma ngozi ya Maman Riziki kila asubuhi kama watu wanavyosoma saa. Aking'aa, mumewe yu hai. Siku atakayotoka na miguu ya majivu, atakuwa amekubali.

Wa kwanza kuja kumdai akubali alikuwa wifi yake, Salima, dada mkubwa wa Papa Riziki. Alikuja na wanawake watatu wa mtaa, baada ya Adhuhuri, tukiwa tunakula maharage na mboga za lengalenga. Salima alikuwa mwanamke wa kuogopwa kidogo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamuru harusi na matanga. Alivaa soksi nene ndani ya ndara na mikono ameificha ndani ya kitenge. Nilidhani ni baridi. Walikaribishwa, wakakataa chakula, wakakaa. Kukataa chakula katika nyumba ya wifi yako ni hotuba tayari.

"Maman Riziki," Salima alisema, "tumekuja juu ya kaka yangu. Tunataka kusoma hitima. Na weye uingie eda, kama muntu mwenye heshima."

"Hitima ya nani?"

"Usinitese. Unajua ya nani."

"Bwana yangu ameenda Uvira kuleta mafuta. Banasoma hitima ya bantu bakienda soko?"

Mmoja wa wale wanawake alicheka, akajifanya anakohoa. Salima hakucheka. Alisema barabara imemeza wanaume wengi, kwamba amewauliza madereva, kwamba hakuna aliyemwona. Akasema binamu yao Juma, mtu mzuri mwenye shamba la mpunga Bugarama, yuko tayari eda ikiisha kumwoa na kumlea Riziki. Alisema hayo bila ubaya. Nafikiri alijiona anamletea zawadi.

Maman Riziki aliinuka. Akaenda kwenye mtungi, akajimwagia maji kikombe kizima juu ya mguu, hapo hapo sakafuni, akachukua kichupa cha mise dirishani na kuanza kujipaka mbele yao, polepole, kidole kwa kidole. Harufu ikajaa chumba, ikaingia kwenye maharage.

"Juu ya nini unafanya vile?" Salima aliuliza, sauti imeshuka.

"Juu ya kiangazi."

"Mujane hapaki mafuta!"

"Siko mujane," Maman Riziki alisema. "Niko bibi ya muntu. Bwana yangu akirudi kesho, anikute nimepasuka kama tofali? Aseme nini? Aseme nilimuzika mbele Mungu hajamuzika?"

Waliondoka bila kuaga vizuri. Riziki, aliyekuwa ananyonya kidole kwenye mkeka, aliuliza kama shangazi atarudi kula maharage yake. Nilisema hapana, na nikayala mimi. Yalikuwa na ladha ya mise, na nakiri kwamba hayakuwa mabaya.

Baada ya siku hiyo maneno yalihamia kwenye robine, bomba la maji la mtaa, mahali ambapo maneno yote ya Kamembe hunywa maji. Nilisimama na ndoo yangu nikasikia mengi ambayo hayakufichwa. "Anameremeta juu ya nani?" "Kuna mwanaume, haiwezi kukosa." "Na udhu yake je? Maji inapita wapi na ile lami?" Hapo niligeuka. Nilikuwa msichana wa chuo, nimesoma mlango wa tohara kwa mwalimu mkali, na sikuweza kuvumilia. Nikawaambia mafuta yaliyokwisha kuingia ngozini hayazuii udhu, na kwamba kinachozuia udhu zaidi ni kusengenya baada ya kutawadha. Mama mmoja mzee akaniambia, "Weye, kapate bwana kwanza, halafu utufundishe." Kicheko chao kilinifuata mpaka mlangoni. Nilipomsimulia Maman Riziki kwa hasira, aliniuliza jambo moja tu: kama ndoo imejaa.

Sitaki kumfanya malaika. Kulikuwa na siku alizopaka mise akiwa na macho mekundu, na mkono wake ulikwenda kama mkono wa mtu anayepiga pasi. Siku nyingine alinigombeza kwa kumwaga matone mawili, kisha akaniomba radhi kwa kunichemshia chai ya tangawizi. Katikati ya kiangazi vita vikawaka tena ng'ambo. Usiku tulisikia milio kutoka upande wa pili wa ziwa, na mchana daraja la Rusizi likawa si la wachuuzi tena. Sasa hata wale waliokuwa wanasema "labda" waliacha. Bido la mise lilikuwa limeshuka chini ya nusu. Nikamshauri achanganye na vazelini ya dukani. Alinitazama kama nimemshauri aolewe na Juma.

Aliyemwokoa alikuwa Maman Domitila, Mkristo, mjane, aliyerudi kutoka Kongo peke yake na kupata kipande cha shamba Nzahaha. Alileta maziwa mjini na wakati mwingine siagi ya ng'ombe iliyofungwa kwenye jani la mgomba, ile ambayo Wanyarwanda wa zamani walijipaka mwilini. Maman Riziki aliinunua, akaiyeyusha, akaichanganya na mise ili bido lifike mvua. Mchanganyiko huo ulinuka kama zizi lililoungua. Domitila mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. "Mana yanjye, Mungu wangu! Inzi watakuoa kabla ya yule wa Bugarama!" Walipomaliza kucheka, Maman Riziki alimshika mkono ili amwonyeshe jinsi unavyoingia, akaugeuza kiganja juu. Mkono wa Domitila ulikuwa kama gome. Nyufa zilikuwa nyeusi kwa udongo wa zamani.

"Unauza siagi na hujipaki?"

"Ya kuuza ni ya kuuza," Domitila alisema. "Na mimi nitajipaka kwa ajili ya nani? Sisi kanisani Padri anatupaka majivu mara moja kwa mwaka, anatuambia ni mavumbi. Mimi nilisikia mara ya kwanza, nikaelewa. Nimekaa hivi."

"Mara moja kwa mwaka," Maman Riziki alisema. "Siku zingine je? Aliyekuumba alikuumba na udongo mulaini. Udongo kavu haifinyangiki." Akaita maji. Akamwosha mikono ndani ya beseni letu la plastiki, akaipaka ikiwa imelowa, akisukuma mafuta ndani ya kila ufa kwa kidole gumba, na Domitila, mwanamke aliyekuwa akipanda kilima na maziwa kichwani kabla ya jua kuchomoza, akaanza kulia bila sauti. Hawakuzungumza habari ya waume zao. Tangu siku hiyo kila alipoleta maziwa alikaa kwenye kigoda cha pili mlangoni. Watu wa robine wakapata habari mpya: sasa wako wawili.

Salima alipoona maneno hayafanyi kazi, alimleta Maalim Sudi. Na hapa nataka niwe mwadilifu. Hakuja na uonevu, alikuja na sheria, au alichodhani ni sheria. Maalim alikuwa mzee mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefundisha nusu ya mji. Tuliketi uani baada ya Alasiri, mkeka mmoja kwa wanaume, mmoja kwa wanawake. Maman Riziki alikuwa ameng'aa kuliko siku zote. Nilijua alichotaka kulinda, na nilijua Maalim akisema neno moja tu, jioni hiyo hiyo wanawake wangemvua bangili, wangempangia pembe ya chumba, na baada ya miezi minne na siku kumi wangempakia gari la Bugarama.

"Nani alimwona Papa Riziki amekufa?" Maalim aliuliza.

"Bantu bote banajua, Maalim," Salima alisema.

"Wote si shahidi. Nataka wawili walioona au waliozika."

Maalim akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. Akasema, taratibu kama anayesomesha watoto, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtu huyu alitoka nyumbani akiwa hai, hiyo ni yakini. Kifo chake ni dhana. Basi mkewe ni mkewe, mali yake ni yake, na hitima isubiri. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa: kwamba hata mjane halisi hakukatazwa kutibu ngozi iliyopasuka kwa mafuta yasiyo manukato, na kwamba mateso ambayo Mungu hakuyaamuru si ibada. Wanawake wakaangalia chini. Nilitaka kupiga kigelegele. Maman Riziki hakusogea.

Ndipo Salima akapiga mkeka kwa ngumi. "Na miye, Maalim? Huyu bibi ana ruhusa ya kungoja. Nani atanipa miye ruhusa ya kumulilia? Nilimubeba mugongoni! Nilimufundisha kutembea!" Sauti ile ya kuamuru matanga ilikatika katikati. Maman Riziki ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa upole. "Mulilie, wifi. Nani anakukataza? Lia mpaka ziwa ijae. Lakini usinizike miye naye." Salima akainuka, akaondoka na soksi zake, na hakukanyaga kwetu tena kiangazi kile.

Mvua ya kwanza ya vuli ilipiga mabati siku ya soko. Harufu ya vumbi lililolowa iliingia nyumbani, na Riziki akakimbia nje na mdomo wazi. Mchana ule ule wanaume wawili walisimama mlangoni, wamelowa, kofia mikononi. Walikuwa wachuuzi wa mafuta wa Uvira, tuliwajua kwa majina aliyoyataja Papa Riziki. Vita vilikuwa vimewafungia kule tambarare. Mmoja aliona bido la njano kwenye kona akageuza uso. Hapo nilijua. Maman Riziki alijua pia, lakini aliwapa taulo kwanza, na chai, na akangoja wamalize kunywa.

Ilikuwa homa. Si risasi, si panga, si chochote cha vita. Ilimshika kwenye mji mdogo wa Sange, barabara ya Uvira, akiwa anakuja nyumbani na mabido yake, siku chache tu baada ya kutuacha. Walimwosha wao wawili, wakamswalia wao wawili na watu wa msikiti wa pale, wakamzika, wakatuma habari kwa dereva ambaye hakutufikia. Mabido yaliibwa. Walieleza mahali, mti ulio karibu, upande wa kaburi. Walioona na kuzika, wawili. Maman Riziki alisema yale tunayosema, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, akalitamka kila neno mpaka mwisho wake. Kisha akaniambia, "Muite Maalim. Na muite wifi."

Walipofika, chumba cha kati kilijaa. Maalim aliwauliza wale wawili mmoja mmoja, akauliza tena siku ya kifo, akahesabu kwa vidole, akahesabu mara ya pili. Nikaona anakwama. Mwishowe akasema kwamba eda ya mjane huanza siku mume anapokufa, si siku habari inapofika. Siku hizo zimekwisha. Zilikwisha kiangazi. Maman Riziki hadaiwi hata moja, wala hana dhambi kwa aliyoyafanya bila kujua. Hitima isomwe, na Mungu amrehemu maiti.

Hakuna aliyejua aweke wapi uso wake. Kiangazi chote tulichogombana kilikuwa ndiyo eda yenyewe. Kila asubuhi aliyokaa pale mlangoni akimngoja mume, ilikuwa siku ya eda yake. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema kwa mnong'ono mkubwa, "Kwa hiyo alikaa eda yote akiwa anameremeta." Maman Riziki aligeuka akamwangalia. "Ndiyo," alisema. "Na Mungu alikuwa ananiona."

Akaingia stoo, akatoka na bido. Chini kabisa palikuwa na mise kidogo, safi, isiyochanganywa, aliyokuwa ameiweka kando. Nilidhani ataimwaga. Wengine walidhani atajipaka, awatie adabu. Alienda kupiga magoti mbele ya Salima, akamshika mguu, akavuta soksi. Salima alijaribu kuurudisha mguu, hakuwahi. Kisigino kilikuwa kimepasuka mpaka kwenye nyama. Palikuwa na damu iliyokauka na soksi ilikuwa imeshika. Kitenge kikaanguka, tukaona mikono: ile ile, ya majivu, yenye nyufa.

"Toka lini?" Maman Riziki aliuliza.

"Toka masika. Toka siku alichelewa."

"Dada hana eda. Dini ilikupa siku tatu."

"Dini ilinipa siku tatu za muntu mwenye kaburi," Salima alisema. "Miye sikupewa kaburi."

"Wee muntu mubaya," Maman Riziki alisema, na sasa ndipo machozi yakamtoka, yakadondoka juu ya mguu ule. "Ulikuwa unapasuka, na ukanyamaza. Ukakuja kunitukana na soksi. Mwavita, lete maji! Vuguvugu, usilete ya moto." Nikaleta. Alimwosha wifi yake miguu mbele ya mtaa mzima na mbele ya Maalim, aliyegeukia ukuta kwa adabu, akampaka mise yote iliyobaki, ngozi ikiwa imelowa, mpaka bido likabaki tupu. Hakubakiza ya kwake. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na wanawake wale wa robine waliimba kasida ya maiti kwa sauti za chini, na wale wachuuzi wawili walilia waziwazi kama wanaume wasivyofanya kwetu.

Hakuolewa na Juma. Juma alipata mke mzuri Bugarama na akatuletea mchele. Maman Riziki alichukua kazi ya mumewe. Daraja lilipofunguliwa alivuka mwenyewe, akapita Sange, akasimama kaburini, akafika Uvira na kurudi na mabido ya njano. Kila mjane wa Kamembe aliyeingia eda baada ya hapo alipokea kutoka kwake kichupa cha mise na salamu moja: usikauke. Wapo waliokasirika, na mimi nimebishana na baadhi yao miaka hii yote, kwa kitabu mkononi. Sitaacha kubishana. Siku hizi watu wananiambia nimezeeka, niache mambo ya ngozi, mwili ni vumbi. Najua ni vumbi. Ninauosha mwili kila wiki, hakuna anayejua zaidi yangu. Lakini ni amana, na amana hurudishwa ikiwa nzima kadiri mtu alivyoweza.

Tulipomaliza kumvika sanda Maman Riziki, nilitoka uani. Salima alikuwa amekaa kwenye kigoda, mzee sasa, haoni vizuri, kichupa cheusi mapajani. Alisikia hatua zangu akanyoosha mkono hewani.

"Mwavita? Lete mikono. Iko imelowa bado?"

Nilikuwa nimenyanyua taulo. Nikalirudisha kwenye kamba.

"Bado, dada."

"Vizuri," alisema, akaanza na kidole cha kwanza.